MAFUNDI WASIO NA MAJINA: Walioziokoa zilipendwa kwa bisibisi na pamba

Zilipendwa zikipigwa redioni, mtangazaji humtaja mtunzi, huitaja bendi, na akiwa mjuzi wa mambo humtaja hata mpiga gitaa la solo. Wadau wa muziki kuanzia Dar mpaka Tunduma wanatikisa vichwa, "enzi hizo bwana!" Lakini kuna mtu hatajwi hata siku moja. Ni yule fundi mitambo aliyekaa upande wa pili wa kioo cha studio, pamoja na mwenzake aliyekesha na bisibisi ili mashine ya kurekodia isife. Bila hao wawili, nyingi ya nyimbo hizo leo zingekuwa hadithi tu za wazee.

Mambo yalikuwa hivi. Redio ya Tanganyika ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 ikawa Tanganyika Broadcasting Corporation, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ya wengi. Kwa Tanzania Bara ilitamba peke yake mpaka redio za watu binafsi zilipoingia miaka ya 1990. Bendi iliyotaka kutoa santuri iliangalia Nairobi, ambako ndiko kulikuwa na kampuni na mitambo ya kazi hiyo. Halafu mwaka 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, ukakaa hivyo mpaka 1983. Sasa mwanamuziki aende wapi? Mlango mkubwa ulikuwa studio ya RTD, Barabara ya Pugu. Mule ndani muziki haukuingia kwenye santuri. Uliingia kwenye mkanda wa sumaku, ule unaozungushwa kwenye magurudumu mawili, ambao wengi wanauita rili.

Teknolojia yenyewe ilitoka Ujerumani. Kampuni ya AEG ilionyesha mashine yake iliyoitwa Magnetophon mjini Berlin mwaka 1935, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikasambaa duniani. Zikaja mashine kubwa za studio, zikaja na za kubeba begani. Nagra ya Uswisi, toleo la mwaka 1958, ilikula betri kubwa 12. Uher ya Ujerumani ilikula 5. Hizo ndizo zilizompa mtu wa redio uwezo wa kutoka mjini, kufuata barabara ya vumbi na kurudi na sauti ya ngoma au kwaya ya kijijini.

Huku Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar, masikio yalikuwa ya pande mbili. Upande mmoja Dar, upande wa pili Lusaka. Hapo ng'ambo, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, mwaka 1949 ilianza kuuzwa redio ya betri kwa bei ya pauni 5, ya mviringo kama sufuria, na kweli jina lake likawa la sufuria: Saucepan Special. Mwaka 1976 reli ya TAZARA ilipokabidhiwa, mji ukachangamka zaidi, na watu na vitu vikawa vinapita mpakani. Lakini kusikiliza ni jambo moja, kutunza sauti ni jambo jingine. Wimbo ukishapita hewani umepita. Aliyekuwa na uwezo wa kuurudisha ni mwenye mkanda, tena mwenye mashine inayofanya kazi.

Hapo ndipo fundi anapoingia, na kazi yake si ya mchezo.

Mashine ya rili haina uchawi mwingi. Kuna mota, kuna kijiti cha chuma kinachozunguka kwa mwendo usiobadilika, kuna gurudumu dogo la mpira linaloubana mkanda kwenye kile kijiti, na kuna vichwa vitatu: cha kufuta, cha kurekodi na cha kusoma. Mkanda ukipita kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde, rili ya mita 370 inatoa kama nusu saa tu ya sauti. Kitu chochote kati ya hivyo kikilegea, mwimbaji anasikika kama amelewa.

Kwa hiyo fundi mwenye akili hachomeki waya ukutani kwanza. Mashine iliyolala miaka 30 kapasita zake zimechoka, na ukiipa umeme wote kwa pupa unaweza kusikia mlio na kuona moshi. Anaifungua kifuniko. Anatoa mikanda ya mpira ambayo kwa joto imeyeyuka ikawa kama lami, inanata vidoleni siku mbili. Anapapasa lile gurudumu la mpira: likiwa gumu kama kokwa, mkanda utateleza. Anachukua pamba na spiriti, anasafisha vichwa mpaka pamba iache kutoka na unga wa kahawia. Unga huo si uchafu wa kawaida. Ni vumbi la sumaku lililobanduka kwenye mikanda, yaani vipande vya sauti za watu.

Kisha anaangalia mwendo. Mashine nyingine zilitengenezwa kwa ajili ya Marekani, ambako umeme una mzunguko wa 60, wakati wa kwetu ni 50. Mota ya aina ile inayofuata mzunguko wa umeme ikiletwa huku inakwenda taratibu kwa sehemu moja ya sita, na mwanamke anayeimba anageuka mwanaume. Fundi asiye na vipimo vya bei mbaya anafanyaje? Anatumia sikio. Anatafuta mkanda wa sauti anayoijua vizuri. Kwa Mtanzania wa rika fulani kipimo hicho kipo: sauti ya Mwalimu Nyerere. Mwalimu akisikika mzito kuliko kawaida, mashine inasuasua. Akisikika kama mtoto, imezidisha mwendo.

Mafundi wa miaka ya mwishoni mwa 1970 na ya 1980 walifanya haya yote katika kipindi kigumu. Vita ya Kagera ilikuwa imekula fedha, pesa za kigeni zilikuwa za kutafuta kwa tochi, sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni. Spea ya mashine ya Ulaya ungeitoa wapi? Zama hizo fundi yeyote wa redio, awe wa Dar au wa kibanda cha mpakani, alijua lugha moja: ua moja ili upone mwingine. Mashine mbovu ilichinjwa, viungo vyake vikahamia kwenye nzima. Mkanda wenyewe ulikuwa mali adimu, na duniani kote, hata BBC ya Uingereza, vituo vilifuta vipindi vya zamani ili kurekodi vipya juu yake. Kila rili iliyopona ni rili ambayo kuna mtu aliamua isifutwe. Mtu huyo naye hana jina.

Nyingi ya zilizopona ziko katika maktaba ya RTD, ambayo sasa ni TBC. Mwaka 2012 mradi wa Tanzania Heritage Project ulijitokeza kuchangisha fedha ili mikanda hiyo iingizwe kwenye kompyuta. Wengi walidhani tatizo ni kompyuta. Kumbe kompyuta ndiyo rahisi kupata. Kigumu ni mashine ya rili iliyo hai na mtu anayejua kuitibu, maana mkanda hauna njia nyingine ya kusema. Tena mikanda mingine ya miaka ya 1970 na 1980 imenyonya unyevu mpaka gundi yake inanata. Hiyo hupashwa joto la kama nyuzi 50 kwa saa kadhaa kabla ya kuchezwa, mara chache tu, na ukikosea umeiua.

Kwa watu wa Songwe kuna jambo la ziada. Mkoa huu umezaliwa mwaka 2016. Kabla ya hapo Mbozi, Ileje, Momba na Tunduma yenyewe vilikuwa Mbeya, na enzi za mkoloni vyote vilikuwa ndani ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Ngoma ya Wanyiha, Wanyamwanga au Wandali iliyorekodiwa miaka ya 1970 haiwezi kuwa na neno "Songwe" kwenye boksi lake. Kijana akiitafuta kwa jina la mkoa wake hataipata, atadhani babu zake hawakuimba. Na hata akiipata, boksi linaweza kusema "ngoma ya kienyeji" na mwaka, basi. Aliyepiga hayupo, aliyerekodi hayupo, aliyeitengeneza mashine ndiyo kabisa.

Kwa hiyo kama kwa bibi kuna rili imelala juu ya kabati, isiuzwe kwa muuza vyuma chakavu, wala isichezwe kwenye mashine ambayo haijafunguliwa na fundi. Iwekwe pakavu, isimame wima, mbali na spika zenye sumaku. Halafu ichukuliwe kalamu leo, wakati wazee bado wapo wa kuuliza, yaandikwe juu ya boksi: ni nani anaimba, ni kijiji gani, na nani aliyeshika mashine. Mashine fundi anaweza kuifufua. Jina likishasahaulika, halina spea.