Mkutano wa injili

Mkutano wa injili (pia: mahubiri ya hadhara) ni ibada ya Kikristo inayofanyika uwanjani au sokoni badala ya kanisani. Nchini Tanzania ulienezwa hasa na Wapentekoste, akiwemo Moses Kulola (1928-2013), mwanzilishi wa kanisa la EAGT.

Katika machimbo ya dhahabu ya Shinyanga na Geita, kama vile Bulyanhulu wilayani Kahama, wasikilizaji wengi ni wapita njia: wachimbaji wadogo, mama lishe, waendesha bodaboda. Akitukanwa, mtu huondoka tu. Kwa hiyo upendo wa Mungu hutangulia, ndipo lije onyo juu ya ulevi, uzinzi na ramli. Msingi unaotajwa ni Waefeso 4:15.

Ugumu uko kwenye uchawi. Kanda ya Ziwa imeshuhudia mauaji ya vikongwe walioshukiwa kuwa wachawi, na ya watu wenye ualbino ambao viungo vyao vilidaiwa kuleta utajiri. Kunyamazia ramli chonganishi ni kuwaacha hao bila mtetezi. Lakini kuwakemea "wachawi" kwa ujumla nako ni hatari, maana umati unaweza kurudi nyumbani ukimtazama bibi mwenye macho mekundu. Onyo linalofaa humlenga mpiga ramli na muuaji.

Mwishoni wanaotaka kuokoka huitwa mbele kuombewa.