Kuonekana na Nani? Jumuiya Ndogo za Mtandaoni na Mfano wa Magogoni

Wasimamizi wa kurasa za mitaa hushauriwa wachapishe mara kwa mara wasije wakamezwa na kelele za mitandao. Makala haya yanaupinga ushauri huo. Jumuiya ndogo hufifia kwa sababu hupeleka kila habari mahali pamoja, bila kuangalia habari hiyo itafaa kwa muda gani.

Chukua tangazo la maziko katika mtaa kama Magogoni, Kisauni, mjini Mombasa. Muislamu akifariki alfajiri, aghlabu huzikwa siku iyo hiyo, baada ya Adhuhuri au Alasiri. Tangazo linalotaja msikiti na makaburi lina kazi kwa saa chache tu. Facebook, hata hivyo, haifuati saa. Januari 2018 mkuu wake, Mark Zuckerberg, alitangaza kuwa yatatangulizwa machapisho yanayozua mazungumzo baina ya jamaa na marafiki. Ungedhani hiyo ni neema kwa mtaa. Lakini mazungumzo ya msiba ni rambirambi, nazo huendelea kumiminika hata watu wakishatoka makaburini. Tangazo huweza kupanda wakati limekwisha kazi, na aliyeshinda kazini Changamwe akalikuta usiku, chini ya video ya mpira.

Kipimo hicho cha mazungumzo kina hatari nyingine. Nyaraka za ndani za Facebook zilizofichuliwa na gazeti la Wall Street Journal mwaka 2021 zilionyesha kuwa wafanyakazi wake walionya kwamba kinazipa nguvu habari za hasira. Ukurasa wa mtaa ukitaka kuonekana kwa vyovyote, njia fupi ni kuchochea ugomvi.

WhatsApp, kinyume chake, hupanga ujumbe kwa wakati. Tangu Novemba 2022 kikundi kimoja huweza kuwa na watu 1,024, na jumuiya ya vikundi huweza kuwa na uwanja wa matangazo ambamo wasimamizi pekee huandika. Habari za saa, kama maziko, mtoto aliyepotea au maji yaliyofunguliwa, ziende huko, zisifunikwe na salamu za asubuhi. Ukurasa wa Facebook ubaki na mambo ya kudumu: picha za zamani, mafundi wa mtaa, nafasi za madrasa.

Pingamizi lipo: kikundi hufunga mlango. Mpangaji aliyehamia juzi hajui kama kipo, na kiungo kikiachwa wazi matapeli nao huingia. Ndiyo maana ukurasa wa hadharani usifutwe. Umwelekeze mgeni kwa msimamizi, naye aingizwe kwa udhamini wa jirani. Watakaochelewa kuingia hawatakosekana, na kwao kipaza sauti cha msikiti bado kina kazi yake.

Mgawanyo huu una gharama. Ukurasa utaonekana umepooza, na mfadhili au mgombea anayehesabu wafuasi ataupita. Msimamizi anayewatumikia majirani zake hana budi kuikubali hasara hiyo.