Kubadilisha maji ya tangi la samaki

Kubadilisha maji ya tangi la samaki ni kazi ya kuondoa sehemu ya maji katika tangi la samaki wa mapambo na kuweka maji mapya mahali pake. Wafugaji wengi hubadilisha asilimia 10 hadi 25 ya maji kila wiki. Kazi hiyo inaweza kuharakishwa sana kwa kurahisisha ubebaji wa maji, lakini si kwa kuruka matayarisho ya maji mapya, kwani kosa hilo linaweza kuua samaki.

Sababu za kubadilisha maji

Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua. Kinyesi na mabaki ya chakula yanapooza huongeza amonia hiyo, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi katika kichujio na changarawe huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, halafu kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Mimea hufyonza sehemu ya nitrati. Inayobaki huzidi kujikusanya mpaka maji yabadilishwe.

Uzito wa kazi

Tangi lenye urefu wa sm 100, upana wa sm 40 na kina cha maji cha sm 50 lina lita 200. Robo yake ni lita 50, yaani kilogramu 50 za kutoa na kilogramu 50 za kuingiza. Kwa ndoo ya lita 10 ni safari kumi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuokoa muda ni kuacha kubeba ndoo.

Kutoa maji

Mwisho mmoja wa mpira wa maji huzamishwa tangini, na mwisho wa pili hushushwa chini ya usawa wa maji ya tangi. Mpira ukishajazwa maji, mvutano wa dunia huyatoa bila pampu. Mtiririko huongezeka mwisho wa nje ukishushwa zaidi au mpira ukiwa mpana zaidi: mpira wa robo tatu inchi una eneo la ndani mara 2.25 ya ule wa nusu inchi. Mdomo wa ndani hufunikwa kwa wavu ili samaki wadogo wasivutwe. Maji yanayotoka, kama si ya chumvi, yanafaa kumwagilia bustani.

Kuingiza maji

Maji mapya huwekwa katika pipa siku moja kabla, kisha husukumwa kwa pampu ndogo. Klorini ya maji ya bomba huunguza matamvua na kuua bakteria wenye faida. Sehemu kubwa ya klorini hutoka maji yakiachwa wazi na kupulizwa hewa kwa saa 24. Kloramini haitoki kwa urahisi hivyo. Huhitaji dawa ya kutayarishia maji, kama vile thaiosalfeti ya sodiamu. Joto la maji mapya linapaswa kukaribiana na lile la tangi.

Aina ya maji hutegemea samaki. Sikilidi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, wanaofugwa katika nchi nyingi duniani, wamezoea maji yenye alkali. Maji ya mvua peke yake hayawafai.

Tahadhari

Hita na pampu ya kichujio huzimwa kabla ya maji kushuka, kwani hita ya kioo ikiwaka nje ya maji inaweza kupasuka. Mpira uliounganishwa na bomba la nyumba usiachwe ndani ya tangi bila vali ya kuzuia maji kurudi: presha ikikatika, maji ya samaki yanaweza kuvutwa hadi kwenye mabomba ya kunywa.

Sifongo ya kichujio husuuzwa katika maji yaliyotolewa tangini, si ya bomba, ili bakteria wasife.

Tangi lililokaa muda mrefu bila kubadilishwa maji halifai kubadilishwa yote kwa mara moja. Maji yake mara nyingi huwa na asidi, na katika asidi sehemu kubwa ya amonia huwa katika umbo la amoniamu, lisilo na sumu kali. Maji mapya yakipandisha pH ghafla, amoniamu hugeuka tena kuwa amonia, na samaki wanaweza kufa. Tangi kama hilo hurekebishwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa.