Daktari wa Kigoma aliyeanza kwa kuikagua hospitali

Mwaka 1985, Allan Rosenfield na Deborah Maine wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, waliuliza swali katika jarida la Lancet: katika miradi yote inayoitwa ya afya ya mama na mtoto, mama mwenyewe yuko wapi? Mtoto alipimwa uzito na kuchanjwa. Mama aliyetokwa na damu baada ya kujifungua hakuwa na mradi wake. Februari 1987 swali hilo lilifika Nairobi, kwenye mkutano wa kimataifa wa uzazi salama, na wajumbe wakaazimia vifo vya wajawazito vipunguzwe kwa nusu ifikapo mwaka 2000.

Mwaka huohuo, mwisho wa Reli ya Kati, kazi ilikuwa imeshaanza bila kusubiri azimio la mtu. Dkt. Godfrey Mbaruku, sasa marehemu, alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi katika hospitali ya mkoa wa Kigoma. Wanaoikumbuka Tanzania ya miaka ile hawahitaji kusimuliwa: nchi ilikuwa haijapona gharama za Vita vya Kagera, mafuta ya gari yalipatikana kwa kubahatisha, na hata sabuni ilitafutwa. Daktari aliyepangiwa Kigoma angeweza kulaumu Dar es Salaam, umbali, mila au wakunga wa jadi, na hakuna ambaye angemshangaa. Mbaruku alifungua majalada.

Yeye na wenzake walirudi kwenye kumbukumbu za mwaka 1984 hadi 1986 wakauliza kila mama aliyefia hospitalini alifia nini, na nini kingeweza kufanyika. Majibu mengi hayakuwa nje ya geti. Yalikuwa wodini: vifaa vibovu ambavyo hakuna aliyeona ni kazi yake kuvitengeneza, damu isiyopatikana inapohitajika, mgonjwa anayezidiwa bila mtu kumpima, mhudumu asiyejua aitwe nani usiku. Mpango ulioanza 1987 ulikuwa na mambo 22. Ukiyasoma leo utashangaa jinsi yalivyo ya kawaida: matengenezo, taratibu za kumhudumia mgonjwa, mafunzo kazini, tathmini ya utendaji wa wafanyakazi, matumizi mazuri ya kile kilichopo. Hakuna mashine mpya ya ajabu humo.

Kufikia 1991, vifo vya akina mama hospitalini hapo vilikuwa vimeshuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Matokeo hayo Mbaruku aliyachapisha mwaka 1995 pamoja na Staffan Bergström, daktari wa Uswidi. Mtu makini atasema, na kwa haki, kwamba hizo ni takwimu za hospitali moja. Mama aliyefia kijijini au njiani hamo. Ni kweli. Lakini azimio la Nairobi lilitaka nusu kwa miaka kumi na mitatu, na hospitali iliyokuwa na kisingizio cha kila aina ilivuka nusu kwa miaka michache.

Kilichofuata katika maisha yake ya utafiti kilitokana na maswali ya wodi ileile. La kwanza: nani ashike kisu? Mabingwa hawakuwa wakipatikana wilayani, na upasuaji wa kumtoa mtoto ulifanywa na madaktari wasaidizi, watu waliopanda ngazi kutoka utabibu. Wapo waliowatazama kwa wasiwasi. Mwaka 2009 Mbaruku, Bergström na wenzao walitoa utafiti wa hospitali 14 za mikoa ya Mwanza na Kigoma: madaktari wasaidizi walikuwa wamewapasua wanawake 945, madaktari wenye shahada 127, na hapakuonekana tofauti ya maana katika matokeo wala ubora. Binafsi naona utafiti huo ulistahili kusomwa Bungeni.

Swali la pili, kwa nini mama haji kujifungulia kituoni, lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu liliwagusa wahudumu wenyewe. Akiwa Taasisi ya Afya Ifakara, baada ya kupata shahada ya uzamivu katika Taasisi ya Karolinska, Uswidi, mwaka 2005, alirudi Kigoma na mtafiti Margaret Kruk na wenzao, safari hii kwenye nyumba za wilaya ya Kasulu. Waliwaonyesha wanawake vituo vya kubuni vyenye sifa tofauti na kuwauliza wangejifungulia kipi. Sifa mbili zilitangulia: mhudumu mwenye heshima, na kuwapo kwa dawa na vifaa. Watafiti walikadiria kwamba mambo hayo mawili yakirekebishwa, wanaopendelea kujifungulia kituoni wangepanda kutoka asilimia 43 hadi 88. Kwa miaka mingi mama wa kijijini aliambiwa haendi kituoni kwa kukosa elimu. Kumbe alikuwa amepima na kuamua.

Ndipo ukaja mradi wao wa utafiti ulioitwa Staha, mkoani Tanga, katika wilaya za Korogwe na Muheza. Akina mama waliulizwa kama walitukanwa, walipigwa, walitelekezwa au walivuliwa mbele za watu wakati wa kujifungua. Walipohojiwa wakitoka kituoni, asilimia 19 walisema ndiyo. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, asilimia ilifika 28. Nani ataka kumsema muuguzi ambaye bado anamwona dirishani?

Dawa iliyojaribiwa huko ilifanana sana na yale mambo 22. Jamii na wahudumu walikaa pamoja kuandika upya mkataba wa huduma kwa mteja, kisha wahudumu wakachagua wenyewe cha kurekebisha: mapazia leba, tangazo la dawa zilizoisha, na chai kwa aliye zamu. Utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha uwezekano wa mama kudhalilishwa ulipungua kwa asilimia 66.