Nyota Moja Iliyo Milioni Kumi

Wasikilizaji wetu, mkulima wa Unguja hahitaji kuelezwa Kilimia ni nini: ni lile kundi dogo la nyota ambalo jina lake limetokana na kulima. Jicho huhesabu nyota sita au saba; darubini huonyesha zaidi ya elfu. Leo twapenda kuzungumza juu ya kundi jingine, kubwa kupita hilo, ambalo wengi wetu huliona pasipo kulijua.

Mwezi wa Mei unapokwisha na mvua za masika kupungua, simama ufukoni Kizimkazi, mbali na taa za Mji Mkongwe, saa tatu ya usiku, ukielekea kusini. Utauona Msalaba wa Kusini. Juu yake, upande wa kushoto, pana nyota hafifu, kama iliyofunikwa na ukungu. Hiyo ndiyo Omega Centauri.

Katika karne ya 2, Ptolemy wa Iskanderia, huko Misri, aliiandika katika orodha yake kuwa ni nyota moja. Mwaka 1603 Johann Bayer, Mjerumani, akaipa herufi ya Kiyunani, kama zipewavyo nyota. Mwaka 1677 Edmond Halley, Mwingereza, akiwa katika kisiwa cha St Helena, akaona kuwa si nyota, bali ni mfano wa wingu la nuru. Hata mwaka 1826 James Dunlop, aliyekuwa Australia, akatambua kuwa ni tufe la nyota, zizidizo kusongamana kadiri zielekeavyo katikati.

Leo twajua kuwa nyota zile zapata milioni 10. Nuru yake, ijapokuwa huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, hutufikia baada ya miaka 17,000 hivi. Nyingi zina umri wa miaka bilioni 12 hivi. Kilimia, chenye miaka milioni 100 tu, ni mtoto mbele yake. Nyota za Kilimia zatawanyika polepole. Zile nyingine zimeshikamana kwa kuvutana. Wala habari haijakwisha: mwaka 2024 wanafalaki walionyesha nyota 7 ziendazo mbio mno katikati ya tufe hilo, dalili ya shimo jeusi.

Je, tumcheke Ptolemy? La. Aliandika alichokiona, na kwa kuwa aliandika, waliomfuata walipata neno la kusahihisha. Basi nanyi vijana, waulizeni babu na bibi zenu majina ya nyota, mkayaandike. Jina lisiloandikwa hufa pamoja na mwenye kulijua.