Richard Stanley: Mwanahisabati aliyeipa elimu ya kuhesabu msingi wa aljebra

RICHARD Peter Stanley ni mwanahisabati wa Marekani anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa kombinatoriki ya kialjebra, tawi la hisabati linalotumia kanuni za aljebra kujibu swali linaloonekana jepesi: kuna njia ngapi za kupanga vitu fulani? Kwa zaidi ya nusu karne kazi zake zimerejewa na watafiti wa matawi mengi, ingawa mchango wake haupimiki kwa idadi ya marejeo peke yake.

Stanley alizaliwa New York, Juni 23, 1944. Alihitimu shahada ya kwanza katika Taasisi ya Teknolojia ya California mwaka 1966, na mwaka 1971 akatunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Harvard. Msimamizi wake alikuwa Gian-Carlo Rota, profesa wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT. Ni katika taasisi hiyo ya MIT ambako Stanley naye alifundisha kwa sehemu kubwa ya maisha yake, akisimamia zaidi ya wanafunzi 50 wa uzamivu.

Alipoanza utafiti, wanahisabati wengi waliiona kombinatoriki kuwa mkusanyiko wa mafumbo, kila fumbo na ujanja wake. Rota alishikilia kwamba elimu hiyo yahitaji nadharia yake yenyewe. Mwanafunzi wake alikuja kuonyesha kwa vitendo kuwa jambo hilo lawezekana.

Mfano ulio maarufu unahusu maumbo. Mchemraba una ncha 8, kingo 12 na nyuso 6. Ukitoa kingo katika ncha, kisha ukajumlisha nyuso, jibu ni 2, na ndivyo ilivyo kwa kila umbo la namna hiyo lisilo na mbonyeo. Lakini maumbo yenye vipimo zaidi ya vitatu yanatawaliwa na kanuni zipi? Mwaka 1971 Peter McMullen alipendekeza masharti kamili kwa maumbo ambayo nyuso zake zote ni pembetatu au mfano wake katika vipimo vya juu.

Mwaka 1980 Stanley alichapisha makala ya kurasa tatu tu, akathibitisha kuwa kila umbo la aina hiyo lazima litimize masharti hayo. Louis Billera na Carl Lee walithibitisha upande wa pili, kwamba kila orodha ya namba inayotimiza masharti ina umbo lake. Kilichowashangaza wengi ni chombo alichokitumia Stanley: kanuni nzito ya jiometri ya kialjebra, tawi lililodhaniwa kuwa mbali kabisa na kazi ya kuhesabu ncha na kingo.

Wengi wanamfahamu zaidi kwa kitabu chake cha juzuu mbili, Enumerative Combinatorics, kilichotoka mwaka 1986 na 1999. Kilimpatia Tuzo ya Steele ya uandishi mwaka 2001. Humo zimo namba za Catalan: 1, 2, 5, 14, 42 na kuendelea. Pembetano yaweza kugawanywa kuwa pembetatu, kwa mistari isiyokatana inayounganisha ncha zake, kwa njia 5. Pembesita kwa njia 14. Katika kitabu kingine cha mwaka 2015 Stanley alikusanya maana 214 za namba hizo.

Kuhusu marejeo, kipimo cha kawaida cha hadhi ya majarida huangalia miaka miwili tu baada ya makala kuchapishwa. Kipimo kilichopendekezwa na Jorge Hirsch mwaka 2005 humpa mtafiti alama 20 ikiwa makala zake 20 zimerejewa angalau mara 20 kila moja. Katika hisabati, ambako wazo huchukua miaka mingi kukomaa, vipimo hivyo huacha mengi nje. Aidha, wazo likishazoeleka hupewa jina la mwenyewe, na makala ya awali haitajwi tena. Leo watafiti huandika tu “Stanley-Reisner” wanapotaja muundo wa kialjebra unaojengwa kutokana na umbo, ambao Stanley aliutumia mwaka 1975 kuthibitisha kikomo cha juu cha idadi ya nyuso za matufe.

Njia aliyoifungua mwaka 1980 ingali inapitwa. Mwaka 2018 Karim Adiprasito alitangaza uthibitisho unaoyapeleka masharti ya McMullen hadi kwenye matufe. Mwaka 2022 June Huh alitunukiwa Nishani ya Fields kwa kazi zinazounganisha jiometri ya kialjebra na kombinatoriki. Mwaka huohuo Stanley alipewa Tuzo ya Steele kwa mchango wa maisha yake yote.