Nyasi za Uhuru Park Ziliponea Chupuchupu

Wasee, fungueni albamu ya picha ya mathe, ile huwekwa juu ya kabati. Familia nyingi za Nairobi zina picha moja ya Uhuru Park humo. Kwetu iko. Ni Krismasi, nina miaka mitano, nimevaa suti ya kaki iliyonunuliwa ikiwa kubwa ndio nikue nayo. Buda amesimama nyuma yangu, mkono kwa bega langu, na nyuma yake kuna ziwa na boti.

Siku hiyo buda alilipa nauli ya mat, aiskrimu, boti na hiyo picha. Chakula kilitoka nyumbani, chapati na waru kwa hotpoti. Kuingia kulikuwa bure. Kwa mtu wa mjengo mwenye watoto watatu, hilo neno "bure" ndilo lilitutoa nyumbani.

Nilikua nikidhani hiyo bustani iko tu, kama vile mvua iko. Kumbe kuna watu walipigwa ndio ibaki.

Turudi nyuma kidogo. Wakati wa mkoloni, Nairobi iligawanywa kwa rangi. Mzungu alikuwa na mitaa yake, Mhindi yake, na Mwafrika akasukumwa Eastlands, kule Pumwani na kwingineko. Kuanzia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande, na polisi akikisimamisha bila hicho, umeshikwa. Sasa hebu fikiria kumwambia babu yako wa enzi hizo alete familia tao Jumapili, walale kwa nyasi wakiangalia mawingu. Tao ilikuwa mahali pa kufanya kazi kisha uende zako.

Ndio maana Mei 23, 1969, Mzee Kenyatta alipofungua Uhuru Park, haikuwa mambo ya maua tu. Mwananchi alipata mahali katikati ya jiji pa kukaa bila kuulizwa anatafuta nini.

Miaka 20 baadaye, 1989, serikali ya Moi ikaamua kujenga jumba la orofa 60 ndani ya hiyo bustani. Lingekuwa makao makuu ya KANU na gazeti lake la Kenya Times, pamoja na sanamu kubwa ya rais. Aliyesema hapana ni Wangari Maathai. Hakuwa na jeshi. Alikuwa anaandika barua, kwa maofisa wa serikali na hata kwa balozi wa Uingereza hapa. Wabunge walimtukana Bungeni, na shirika lake la Green Belt Movement likafukuzwa ofisini. Lakini wafadhili wa nje waliona aibu wakajiondoa, na mradi ukafa.

Nilipomsimulia buda hii stori, jibu lake la kwanza lilinishangaza. "Orofa 60? Hiyo ilikuwa kazi ya miaka kwa watu wa mjengo." Na ni ukweli, siwezi kumbishia. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Lakini Krismasi ningewapeleka wapi?"

Mambo hayakuishia hapo. Mwisho wa Februari 1992, akina mama waliokuwa na wana kwenye jela za kisiasa walikaa kwenye kona moja ya Uhuru Park wakagoma kula. Siku chache baadaye polisi waliwavamia kwa rungu na vitoa machozi. Baadhi ya hao mama walivua nguo kuwalaani polisi. Wangari alipigwa hadi akazimia. Walihamia kanisa la All Saints hapo karibu, na hawakuondoka mpaka wengi wa vijana wao wakaachiliwa. Hiyo kona ndiyo tunaita Freedom Corner, ile unapita ukienda kutafuta mahali pa kupiga selfie.

Na si Uhuru Park peke yake. Jeevanjee Gardens ilitolewa kwa watu wa Nairobi na mfanyabiashara A.M. Jeevanjee mwaka wa 1906. Mwaka wa 1991 kulikuwa na mpango wa kuijengea maegesho ya magari ya ghorofa. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza kampeni ya kuupinga, na bustani ikabaki.

Hii ya Jeevanjee inanigusa, na nitawaambia kwa nini. Nilipoacha chuo kwa sababu ya karo, sikuambia mtu nyumbani. Kwa karibu miezi miwili nilikuwa natoka asubuhi na begi kama kawaida. Uhuru Park ilikuwa imefungwa kwa ukarabati tangu 2021, kwa hivyo nilikuwa nakaa Jeevanjee, nikisikiliza wahubiri na wazee wakibishana siasa. Hakuna aliyeniuliza nimenunua nini. Siku niliyomwambia buda ukweli, nilimwita hapo. Alinunua njugu za ishirini bob, tukakaa kwa benchi. Hakuongea kwa muda mrefu. Njugu zilipoisha akasema, "Haya kijana, twende nyumbani."

Singeweza kufanya hayo mazungumzo kwa mkahawa, weita akituangalia kila dakika. Siku hizi wengi wetu tunajua tu kutoka kwa kulipia. Watu watatu wanagawana soda moja masaa matatu ndio wapate kiti. Hata Karura, msitu ambao Wangari alipigwa akiutetea Januari 1999, unalipa langoni. Najua pesa inatunza msitu, lakini kuna baba mahali anapiga hesabu ya watoto watatu na anaghairi.

Kwa hivyo ukisikia kiwanja cha mtaa wenu kimewekwa mabati usiku, usiseme ni kauwanja kadogo tu. Uliza nani ameweka, na uulize kwa sauti. Wangari alianza na barua tu, na wewe uko na simu.

Halafu leo jioni tafuta ile albamu. Muulize mathe hiyo picha ilipigwa wapi, na kama hapo mahali bado pako.